Nyumba za Mwinukoni: Picha ya Zamani ya Tanga na Watu Wasioonekana Ndani Yake

Katika ofisi ya usharika tunaoutumikia, eneo la Mabawa hapa Tanga, kuna picha ya zamani ukutani, juu ya kabati la vitabu vya ubatizo. Ililetwa na wageni kutoka Ujerumani waliotutembelea kwa ajili ya urafiki wa sharika. Walikuwa wameikuza kutoka kadi ya posta ya wakati wa ukoloni, wakaitia kwenye fremu nzuri ya mbao, wakatukabidhi mbele ya ibada. Tuliipokea kwa makofi na vigelegele.

Picha imepigwa kutoka baharini. Chini kabisa kuna maji ya ghuba, yametulia. Juu ya maji unapanda mwinuko wa pwani, ule ule ambao hata leo mtu akitoka bandarini kuelekea mjini ni lazima aupande. Juu ya mwinuko, katikati ya minazi, zimejipanga nyumba nyeupe zenye baraza pana na mapaa makubwa, zote zikiitazama bahari. Bendera ipo. Njia ya kupandia ipo, nayo ni safi kama iliyofagiliwa asubuhi hiyo. Watu hawapo, isipokuwa madoa mawili matatu meusi karibu na maji, ambayo yaweza kuwa watu au yaweza kuwa mitumbwi.

Jumapili iliyofuata tuliitumia picha hiyo katika mahubiri. Somo lilikuwa Mathayo sura ya 5, pale Bwana Yesu anapozungumza na wanafunzi wake juu ya mji wa mlimani. Tukainyanyua picha mbele ya washarika na kusema: tazameni mji wetu ulivyokuwa ukionekana na kila aliyekuja kwa bahari, na Injili ilifika hapa katika siku zile zile. Tuliona tumepata mfano mzuri sana.

Baada ya ibada alitufuata ofisini mzee mmoja aliyefanya kazi bandarini maisha yake yote, kama baba yake na babu yake. Hakuwa amekasirika. Alivaa miwani, akaisogelea picha, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mchungaji, umetuonyesha nyumba. Sasa nionyeshe babu yangu yuko wapi."

Hatukuwa na jibu siku ile. Haya tunayoyaandika ni jaribio la kumjibu, na la kuungama kwamba tulihubiri kabla ya kutazama.

Tuanze na nyumba zenyewe. Tanga haikuanza na Wajerumani. Katika kisiwa cha Toten, kilicho mbele ya bandari, yapo magofu ya misikiti yanayoonyesha kwamba watu waliishi na kumwabudu Mungu katika ghuba hii karne nyingi kabla ya bendera ile. Majahazi yalikuja na pepo za kaskazi na kurudi na kusi, na misafara ya pembe za ndovu ilishuka kutoka bara. Katika karne ya 19 pwani hii ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilipojaribu kuchukua utawala wa miji ya pwani, watu wa Pangani na miji mingine walipigana nayo, wakiongozwa na Abushiri. Serikali ya Ujerumani ikamtuma Hermann von Wissmann na jeshi. Julai 1889 meli zake ziliishambulia Pangani, kisha Tanga. Desemba mwaka huo Abushiri akanyongwa Pangani. Basi mpiga picha aliyesimama baharini kuutazama mwinuko wetu alisimama upande ule ule ambao mizinga ilitokea. Hatusemi kwamba alikuwa mtu mbaya. Tunasema tu kwamba ili nyumba zile zijengwe pale, kwanza jambo fulani lilitendeka kutoka baharini.

Sasa tuseme na habari za nyumbani mwetu. Chama cha misheni kilichotuletea Injili katika sehemu hii kilianzishwa Berlin mwaka 1886. Mmoja wa waliosukuma kuanzishwa kwake ni Carl Peters, yule yule aliyezunguka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami mwaka 1884 akiwawekea machifu mikataba ya ulaghai. Baadaye chama hicho kilihamia Bethel, chini ya uongozi wa mchungaji Friedrich von Bodelschwingh, mtu aliyejulikana kwa kuwatunza wagonjwa wa kifafa na maskini, nacho kikawa na roho nyingine. Lakini wamisionari wake walifika Tanga mwaka 1890, yaani mwaka mmoja tu baada ya mizinga. Mwaka 1891 walipanda Usambara na kufungua kituo Mlalo. Tukitaja tarehe hizi katika sikukuu za jubilei huwa tunazitaja kwa shukrani, na ni vyema. Tarehe ya 1889 hatuitaji, ingawa iko mlango wa pili.

Nyumba za mwinukoni zilihitaji mawe, chokaa, mbao, maji ya kunywa, kuni, na watu wa kuvileta. Bandari ya Tanga kwa miaka mingi ilikuwa ya matishari: meli inatia nanga mbali, mzigo unashushwa katika tishari, tishari linavutwa hadi ufukoni, na kutoka hapo mzigo ni wa bega la mtu. Mwaka 1893 ujenzi wa reli ulianza hapa Tanga, reli ya kwanza katika koloni lote. Ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Mwaka ule ule wa 1893 Richard Hindorf aliingiza miche ya mkonge, na ni miche 62 tu iliyopona safari. Kutokana na hiyo yakatoka mashamba yaliyoufanya mkoa huu ujulikane duniani kote, na yakatoka maisha ya manamba, watu walioletwa kutoka mbali kukata mkonge kwa hesabu ya matita.

Kwa nini watu waliacha mashamba yao wenyewe na kwenda kubeba na kukata? Wengine walitafuta fedha kwa hiari, tusiwafanye wote kuwa watu wasio na akili zao. Lakini mwaka 1898 ilikuja kodi ya nyumba, na kodi ilidaiwa kwa fedha au kwa nguvu za mwili. Mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo ndiyo Lushoto, makao makuu ya dayosisi yetu ya Kaskazini Mashariki, ulianza utaratibu wa kipande. Kila mwanamume alipewa karatasi iliyomlazimu kumfanyia mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne. Mababu wa washarika wetu wengi walibeba kipande hicho mfukoni pamoja na kadi ya ubatizo.

Watu hao walilala wapi? Si mwinukoni. Upepo wa bahari ulitengwa kwa wenye baraza. Waliobeba waliishi ng'ambo ya reli, Ngamiani, penye mitaa iliyonyooshwa na kupewa namba badala ya majina, ndiyo maana mpaka leo tunaelekezana kwa kusema barabara ya ngapi. Na mji ulipokua zaidi kuelekea bara, ukafika huku kwetu Mabawa. Mtu anayeishi Mabawa haioni bahari kutoka mlangoni pake. Naye aliyekuwa baharini na kamera yake asingeweza kuiona Ngamiani hata kama angetaka, kwa sababu ilikuwa nyuma ya mwinuko. Mzee wetu aliuliza babu yake yuko wapi. Jibu la kwanza ni hili: yuko nyuma ya zile nyumba, upande ambao picha haikufika.

Tusiwalaumu wapiga picha kupita kiasi. Walifanya kazi ngumu, na bila wao tungekuwa na machache ya kutazama. Picha nyingi za Walther Dobbertin, aliyefanya kazi hiyo katika nchi hii kwa miaka mingi, zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa za Ujerumani huko Koblenz, na watafiti wetu huzitegemea. Lakini kadi ya posta ilikuwa na kusudi lake. Ilitumwa kwa mama na ndugu kule Ulaya ili waone kwamba mtoto wao anakaa mahali pazuri na salama. Mtu anayempelekea mama yake picha hapigi mahali penye jasho. Na maneno yaliyoandikwa chini ya picha za namna hiyo mara nyingi hutaja jina la jengo na la mzungu aliyesimama mbele yake. Mwafrika aliye pembeni ni mpagazi, ni boi, ni askari. Kazi yake imeandikwa, jina lake halikuandikwa.

Ilivyokuwa katika picha ndivyo ilivyokuwa pia katika vita. Novemba 1914 Waingereza walishusha askari wapatao 8,000 huku Raskazone, wengi wao Wahindi. Waliokuwa wakiulinda mji walikuwa kama 1,000, na wengi wao askari Waafrika chini ya maofisa wa Kijerumani. Waingereza walishindwa, wakarudi melini. Habari hiyo imeandikwa katika vitabu vingi, na kila mwandishi anasimulia habari ya nyuki waliowauma askari siku ile. Nyuki wametajwa kuliko wapagazi. Lakini katika vita hiyo nzima, kutoka 1914 hadi 1918, makumi ya maelfu ya wapagazi wa nchi zetu walikufa kwa njaa, homa na kuhara, wakiwa wamebeba chakula na risasi za majeshi mawili yasiyokuwa yao. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, linatokana na kikosi chao, na wengi tunaonunua nguo pale hatujui.

Vita hiyo ililigusa kanisa letu moja kwa moja. Waingereza waliitwaa Tanga mwaka 1916, na kufikia mwaka 1920 wamisionari wa Kijerumani walikuwa wamezuiliwa na kurudishwa kwao. Walianza kuruhusiwa kurejea mwaka 1925 tu. Katika miaka ile ya katikati ni nani aliyefundisha katekisimu? Ni nani aliyezika, aliyeombea wagonjwa, aliyegonga kengele asubuhi ya Jumapili? Walikuwa walimu na wazee wa kanisa Waafrika, wengi wao wakiwa na elimu ndogo na mshahara mdogo au hawana kabisa. Kama kanisa lingekuwa ni zile nyumba nyeupe, lingefungwa siku walipoondoka wenye nyumba. Halikufungwa. Lilikuwa limekwisha kuhamia nyuma ya mwinuko.

Na si kanisa peke yake. Wakati picha za namna hii zilipokuwa zikipigwa, tarehe 1 Januari 1909, katika kijiji cha Vibambani huko Machui, kusini mwa Tanga, alizaliwa mtoto aliyeitwa Shaaban Robert. Hakuna kadi ya posta iliyotumwa Ulaya kutangaza. Leo watoto wetu wanalifahamu jina lake tangu shule ya msingi, na hakuna hata mmoja awezaye kumtaja aliyekaa katika nyumba ya tatu kutoka kushoto katika picha yetu. Mwaka 1922, humu humu Tanga, Martin Kayamba na wenzake walianzisha chama cha watumishi wa serikali Waafrika, Wakristo na Waislamu wakikaa katika chumba kimoja. Kilikuwa mojawapo ya vyama vya mwanzo vya namna yake katika Tanganyika. Ghuba ilikuwa tulivu katika kadi za posta, lakini nyuma yake watu walikuwa wakifikiri.

Haya yote yalitufanya tuifungue tena Biblia, safari hii kwenye Luka sura ya 16. Yumo tajiri aliyevaa vizuri na kula vizuri kila siku, na mlangoni pake amelazwa maskini mwenye vidonda. Tumezoea kuihubiri habari hii tukitazama moto na kiu ya yule tajiri. Lakini yako mambo madogo mwanzoni ambayo mzee wetu wa bandarini alitusaidia kuyaona. Yesu hamtaji tajiri kwa jina. Maskini anamtaja: Lazaro. Kama angekuwapo mpiga picha mlangoni pale, angeandika chini ya picha, "Nyumba ya Fulani," na Lazaro angekuwa doa karibu na ngazi. Yesu anaiandika picha ile upya. Nyumba inabaki, lakini jina linakwenda kwa aliyelala nje.

Vivyo hivyo katika Mwanzo sura ya 16. Hagari, kijakazi wa kigeni, amekimbia jangwani akiwa mjamzito. Katika nyumba ya Abramu walikuwa wakisema juu yake zaidi ya kusema naye. Malaika wa Bwana anapomkuta, anamwita kwa jina lake na kumwuliza anatoka wapi na anakwenda wapi. Naye Hagari ndiye anayempa Mungu jina la Mungu aonaye. Imani yetu haianzi kwa sisi kumwona Mungu. Inaanza kwa yeye kutuona, na kwanza anawaona wale ambao wenye nyumba hawakuwageukia.

Tulipoyasema haya katika kikao cha baraza la wazee, mama mmoja mwalimu mstaafu alitupinga, na alitupinga kwa haki. Alisema, "Mchungaji, mimi bibi yangu alifundishwa kusoma na mabibi wa misheni. Ukiwatukana hao unamtukana bibi yangu. Bila wao mimi nisingekuwa mwalimu." Tulimshukuru, na tunamshukuru hata sasa. Sisi Walutheri tumefundishwa kwamba mtu aliyeokolewa ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja. Kwa nini tusilikubali jambo hilo kwa misheni kama tunavyolikubali kwa nafsi zetu? Wako waliokuja na Injili ya kweli wakiwa katika meli ya watawala. Walijifunza lugha zetu, wakawafundisha watoto kusoma, wakazika wake zao na watoto wao katika ardhi hii. Na wako miongoni mwao walionyamaza walipoona kipande na kiboko. Huenda wengine walikuwa watu wale wale. Katika liturujia yetu ungamo huja mwanzoni, kabla ya wimbo wa sifa. Historia ya kanisa nayo ingefaa isomwe kwa utaratibu huo.

Lakini ungamo la makosa ya waliokufa ni rahisi. Linakuwa gumu likifika kwetu. Sisi nasi tunapiga picha. Jengo jipya la kanisa likizinduliwa, wanasimama mbele askofu, wachungaji, mgeni rasmi na mfadhili, na chini yake tunaandika majina kwa mpangilio kutoka kushoto kwenda kulia. Fundi aliyepanga tofali hayumo. Wanawake waliobeba maji na mchanga kwa miezi sita wako jikoni wanapika pilau ya wageni. Mlinzi anayelala kwenye ngazi za kanisa usiku tunamwita "mlinzi", na tulipojipima wenyewe katika baraza, watatu kati yetu hatukulijua jina lake la pili. Tumejenga mwinuko wetu mdogo, na upepo unatupuliza vizuri.

Basi tulifanya nini na picha? Wengine walishauri iondolewe. Mzee wa bandarini alikataa. Alisema ikiondolewa, watoto hawatauliza lolote. Tukakubaliana ibaki, ila ifanyiwe kazi. Kwa Jumapili kadhaa baada ya ibada, vijana wa kwaya walikaa na wazee chini ya mwembe wakiwa na madaftari, wakiuliza: babu yako aliitwa nani, alitoka wapi, alifanya kazi gani katika mji huu? Tuliwakaribisha pia majirani zetu Waislamu, kwa sababu tishari halikuuliza dini ya bega. Walikuja, na wengine walikumbuka majina kuliko sisi. Yaliandikwa majina ya makuli, wakata mkonge, mafundi reli, wapishi, yaya, wavuvi, wauza mihogo, na walimu wa katekisimu. Kwa baadhi ya watu lilikumbukwa jina moja tu bila la baba. Nalo liliandikwa.

Karatasi zile tulizibandika nyuma ya picha, ndani ya fremu ile ile ya mbao. Kila mwaka, Jumapili ya kuwakumbuka waliolala katika Bwana, picha huteremshwa ukutani, inageuzwa, na majina yanasomwa kwa sauti. Kusoma kote huchukua muda, na watoto huchoka, lakini wakubwa hawaondoki. Mwaka huu alipofikiwa babu wa mzee wetu, mzee hakuwa tena na nguvu ya kusimama. Aliinua mkono tu kutoka kwenye kiti chake, kama mwanafunzi anapoitwa jina darasani, akaitikia kwa niaba yake: "Yupo."

Zaburi ya 91 inasema habari za kimbilio chini ya mabawa ya Mungu, nasi tunaoishi mahali paitwapo Mabawa huipenda kwa sababu hiyo. Kwa hiyo ukitutembelea, msomaji mpendwa, omba kuonyeshwa ile picha. Tazama mwinuko na nyumba zake, maana ni sehemu ya mji wetu na hatuuonei haya. Kisha usiogope kuishika fremu na kuigeuza.